Watani wa Sultani: Urafiki wa Mashabiki wa Tamthilia za Kale

Mhadhara kwa wananchi, walimu na wanafunzi wa Kang'ata, Handeni

 

Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo wengi hulitaja kwa kupita, tena kwa kulibeza. Ni habari ya watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokutana kwenye simu kila jioni kumsifu mchezaji mmoja wa tamthilia ya enzi za kale. Wapo wanaomsifu Halit Ergenç, aliyecheza Sultan Suleiman. Wengine ni wa Engin Altan Düzyatan, aliyecheza Ertugrul. Waliotangulia umri kidogo bado wanamkumbuka Song Il-gook, ambaye kwao hana jina jingine ila Jumong. Wanasifu, wanataniana, wanagombea nani alimpenda kwanza, na katika mchezo huo wanakuwa marafiki wa kweli ingawa wengi wao hawajawahi kuonana.

Hoja yangu naitanguliza ili msije mkaitafuta. Urafiki huu si upuuzi. Umetokana na mila ambayo babu zetu waliijenga kwa makusudi, mila ya utani, na unapaswa kupimwa kwa kipimo kilekile ambacho utani umepimwa nacho siku zote, yaani nani anafika siku ya msiba.

Vugiri, mwaka 1935

Wapo wanaodhani kushabikia sura za kwenye kioo kumeletwa na simu za mkononi. Hapa Tanga jambo hili lina umri mkubwa, na mwanzo wake hauko mbali na tulipokaa.

Mwaka 1935, kule Vugiri, kwenye vilima vya Usambara vilivyo leo ndani ya Wilaya ya Korogwe, kilianzishwa kituo cha kutengeneza filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis, mtu wa misheni. Fedha nyingi zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York. Na waliosimamia kazi ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi ulikuwa umetoa filamu 35. Nyingi zilifundisha kilimo, afya na kuweka akiba posta, na waliocheza mbele ya kamera walikuwa Waafrika. Maneno hayakuwamo ndani ya filamu zenyewe. Yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kila lugha na sahani yake, kisha santuri ikapigwa sambamba na picha. Lori lilibeba mitambo yote hiyo likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Naomba tuyashike mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, sauti ya lugha ya mtazamaji kuwekwa juu ya picha ni jambo lililofanyiwa majaribio Korogwe yetu karibu miaka tisini iliyopita. La pili, wenye mradi walitaka mtazamaji ashike somo, aende shambani akalime kwa matuta au akachemshe maji. Lakini kila aliyewahi kukaa mbele ya kitambaa cha sinema anajua kwamba jicho la binadamu hutafuta binadamu. Somo linasahaulika; sura, mwendo na tabia ya mchezaji vinabaki, na kesho yake kisimani vinazungumzwa.

Mijini, sinema zilijaa. Tanga ilikuwa na majumba kama Majestic, Novelty na Regal. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018, ameonesha jinsi watu wa miji ya Tanzania walivyozipokea filamu za Kihindi, zikiwemo Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, wakazifanya mazungumzo ya barazani. Zanzibar palikuwa na maonesho maalumu ya wanawake, na kina mama walitoka humo na mitindo ya nguo, nyimbo na hoja za kujadili juu ya ndoa na heshima. Vijijini tulingoja lori la sinema lije, kitambaa kifungwe, watoto wakae mbele chini. Njia zilitofautiana. Popote penye picha, watu wasio ndugu walipata jambo la kuzungumza pamoja.

Vyeo vya mchezo na kadi za salamu

Mtu atasema: kuzungumza juu ya filamu na jirani ni sawa, lakini kujiita Hurrem au Ibrahim Pasha, kama katika hadithi ya Sultan Suleiman, na kupeana vyeo vya kifalme kwenye simu ni utoto. Kwa huyo nina kumbukumbu ya beni.

Beni ilikuwa ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka hadi Tanga, Dar es Salaam na bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Vyama vyake vikubwa viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, gwaride na tarumbeta. Wanachama walivaa sare zilizofuatisha za majeshi ya Wazungu na kupeana vyeo vya wakubwa wa Ulaya, na bado kesho yake mtu huyohuyo alirudi kuwa karani, mpagazi au mpishi. Waliokuwa madarakani waliiona beni kwa jicho la wasiwasi kwa sababu moja ya msingi: mwanachama wa mji mmoja aliyeingia mji mwingine alipokelewa na wenzake wa chama, akalishwa, akalazwa. Vyeo vilikuwa vya mchezo, lakini chakula na malazi vilikuwa vya kweli.

Baadaye ikaja redio, na pamoja nayo kadi za salamu. Wenye umri wangu mnakumbuka. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu, akaweka jina lake la kujipamba, akamalizia na ujumbe, kisha akaituma Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku kadi iliposomwa, mtangazaji akataja jina la kijiji, nyumba nzima ilinyamaza. Wapo waliokuwa wakisalimiana hewani kwa miaka bila kujuana sura, wakaunda vilabu vya wasikilizaji, wakatembeleana, wakachangiana harusi. Kilichowakutanisha ni mapenzi yao kwa kipindi na kwa sauti ya mtangazaji.

Kwa hiyo mnapomwona kijana au mama anatabasamu na simu yake, anaandikiana na mtu wa Mombasa au Muscat habari za mchezaji wa Kituruki, jueni kwamba ameshika mwisho wa kamba ndefu. Njia ya kupeana salamu imebadilika. Hamu ya kusalimiana ni ileile.

Kibanda umiza na sauti ya Kiswahili

Tanzania Bara tuliingia kwenye televisheni kwa kuchelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Huku Bara vituo vilianza mwaka 1994. Na hata vilipoanza, vijiji vingi havikuwa na umeme. Kilichotuletea picha ni kibanda umiza: mabanzi au maturubai, jenereta nje, mabenchi ndani, na kiingilio kidogo. Jina lenyewe linasema hali ya mabenchi yale na joto lile, lakini watu walijaa.

Katika vibanda hivyo ndipo walipotokea watafsiri wa filamu. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliofungua njia. Alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akieleza, akiongeza, akimpa steringi maneno ambayo mtu wa Manzese au Manundu angeyasema. Baada yake wakaja wengine wengi, na kanda zao zikasambaa hadi machimboni na magengeni.

Kwa njia hiyo, na kwa diski zilizouzwa mitaani, Jumong aliingia. Ni tamthilia ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha MBC kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007, vipande 81, juu ya mwanzilishi wa dola ya Goguryeo, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa iliasisiwa mwaka 37 kabla ya Kristo. Vijana wetu hawakuwa na habari ya Goguryeo wala Buyeo. Lakini walimwelewa mara moja kijana mpiga upinde anayechukiwa na wana wa mfalme, anayetoroka na watu wachache waaminifu, na kwenda kuanzisha nchi yake.

Mwaka 2011 TBC ikaonesha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya China iliyotiwa sauti za Kiswahili. Haikuwa ya kale, ilihusu ndoa za mjini Beijing, lakini ilithibitisha kwamba mkwe wa Kichina akisema Kiswahili sanifu, mama wa Kitanzania atamjibu akiwa amekaa sebuleni kwake. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo kwa jina. Desemba ya mwaka huohuo Azam TV ilianza kazi, na baadaye ikatuletea Sultan kwa sauti za Kiswahili: hadithi ya Suleiman, aliyetawala dola ya Uthmaniya kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, na ya Hurrem, mjakazi aliyegeuka mke wa sultani. Huko Uturuki ilirushwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, na mwandishi wake wa awali, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 kazi ikiwa katikati. Ertugrul nayo, iliyoanza Uturuki Desemba 2014 na kumalizika Mei 2019, ikafuata njia hiyohiyo ya Kiswahili.

Nataka tuone jambo lililofanyika hapo. Mtazamaji wa Handeni anapompenda Sultan Suleiman, anawapenda watu wawili kwa pamoja: uso ni wa Halit Ergenç, mzaliwa wa Istanbul, na sauti ni ya msanii aliyekaa studio Dar es Salaam. Wale watia sauti hatuwatambui barabarani, wala majina yao hatuyashiki. Ni wasanii wetu, na sehemu kubwa ya mapenzi tunayoyapeleka Uturuki ni haki yao.

Mke mwenza wa kwenye simu

Sasa tuingie ndani ya mazungumzo yenyewe.

Mchezaji akitokea kwenye kipande cha jana amevaa joho jipya, asubuhi grupu la mashabiki kwenye simu limeamka mapema. Mmoja ataandika, "Jamani, mume wetu jana kapendeza, nani kamnyooshea lile joho?" Mwingine atajibu, "Ni mimi, bi mkubwa. Nyie wadogo mlikuwa mmelala." Wa tatu atadai mahari yake irudishwe. Mwanamume mmoja ataingia kulalamika kwamba mkewe amechelewesha chai kwa sababu ya mtu wa Istanbul, na wote watamwita shemeji na kumpa pole. Atakayesema kwamba sultani amezeeka atatozwa faini ya stika kumi. Mtu akikosa bando siku mbili, watauliza kama amepewa talaka.

Mtu wa nje akisoma hayo ataona matusi, au atadhani wanawake hawa wamepotea. Mtu wa kwetu hapaswi kushangaa, kwa sababu maneno hayo yote yako ndani ya sheria tunazozijua. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wake, na bibi anamgombeza mjukuu huyo kama mke mwenza. Wabondei, Wasambaa na Wazigua tunataniana tangu enzi na enzi. Wanyamwezi na Wazaramo walijenga utani wao katika njia za misafara, pale mgeni kutoka bara alipofika pwani bila ndugu na akahitaji mtu wa kumpokea. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maelezo ya utani kutoka makabila mengi ya nchi hii. Hata mpira wetu unakwenda hivyo: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 tunawaita watani wa jadi, na nchi nzima inaelewa.

Utani una kanuni tatu. Kwanza, mtani hakasiriki, akikasirika ameuvunja. Pili, utani una mipaka ya watu: unamtania mtani wako, humwendei mtu baki njiani ukamwita mkeo. Tatu, na hii ndiyo nguzo, utani una wajibu. Mtani ndiye anayekuja msibani kukufanya ucheke wakati umevunjika moyo. Ndiye anayeweza kuingia kaburini na kukataa kutoka hadi apewe chake. Lakini huyohuyo anachimba kaburi, anachota maji, anabaki wengine wakishaondoka. Ruhusa ya kukutania ameinunua kwa kukubali kukuhudumia.

Makundi ya mashabiki yaliyodumu yamezishika kanuni hizi, hata kama hayakuziandika popote. Wanachama wanajua nani anataniwa na nani bado mgeni. Maneno makali hayatoki nje ya kundi. Na siku mmoja anapofiwa, au mtoto wake analazwa, mke mwenza wa jana asubuhi ndiye anayetuma rambirambi kwa M-Pesa kabla ya ndugu wa damu hawajapanga kikao. Nimeliona hilo, na ndilo lililonifanya niache kudharau.

Tufikiri ni nani hasa wanaohitaji urafiki huu hapa kwetu. Kata hii ina wachimbaji wa dhahabu wa Magambazi, waliotoka mikoa mbalimbali, wanaolala kambini mbali na wake na wazazi. Ina walimu waliopangiwa kazi mahali ambapo hawakuwa na mtu. Ina wanawake walioolewa mbali na kwao. Ina wauguzi wanaokesha zamu. Watu hawa wana majirani, lakini si kila jirani ni wa kucheka naye. Mwalimu aliyetoka Songea akimpata kwenye simu mtu wa Pemba na mwingine wa Bukavu wanaomhusudu mchezaji mmoja, amepata watani pale ambapo ukoo haukumpa. Ni haki yake, na ni afya yake.

Tujiulize pia kwa nini mchezaji, kwa nini wasikutane tu na kuzungumza. Sababu ni kwamba watu wawili wasiojuana hawawezi kuanza kwa kuelezana shida. Wanahitaji mtu wa tatu, aliye mbali na wote, asiyeweza kuibiwa na yeyote. Hakuna atakayeolewa na Suleiman. Kwa hiyo wote wanaweza kumgombea bila kuumizana. Mchezaji hatujui. Sisi ndio tunaojuana, na mwisho wa yote urafiki ni wetu.

Kwa nini enzi za kale

Mbona mapenzi haya yanakaa zaidi kwenye tamthilia za wafalme na mapanga? Naamini ni kwa sababu tamthilia hizi zinauliza maswali ambayo jamii yetu bado inayauliza. Nani ana haki ya kurithi? Mama afanye nini ili mwanawe asionewe na watoto wa mke mwingine? Mkweli asemeje mbele ya mkubwa? Rafiki aliyekula nawe sahani moja akikusaliti, unamfanya nini? Ibrahim Pasha, rafiki wa sultani tangu ujana, alinyongwa mwaka 1536 kwa amri ya sultani huyohuyo. Habari hiyo ikionekana jioni, asubuhi wanaume wa kijiweni wanajadili urafiki na madaraka kwa undani ambao semina ya utawala bora haiufikii.

Na kuna sababu ya karibu zaidi. Hadithi hizi tunazijua kwa sababu na sisi tunazo.

Mbega alikuwa mwindaji wa Nguu, nchi ambayo leo iko upande wa Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni hii mwaka 2002. Simulizi zinasema alizaliwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia. Alifika mahali paitwapo Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Siku moja wakiwinda, mtoto yule akauawa na nguruwe mwitu, na Mbega akalazimika kukimbia kwa kosa lisilo lake. Akavuka kwenda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akawaua wanyama waliokuwa wakiharibu mashamba, akaua simba, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao. Uzao wake, Wakilindi, ukatawala Usambara kwa vizazi.

Yaliandikwa haya kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewahi kuwa liwali, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu katika misheni ya Magila, Muheza, kuanzia miaka ya 1890, na kutolewa tena mwaka 1962. Mwanahistoria Steven Feierman naye alizichambua simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa.

Mlinganisheni sasa Mbega na Jumong. Wote wawili walichukiwa na jamaa zao. Wote walikuwa hodari wa silaha za porini. Wote walihama kwa kulazimishwa na wakawa wafalme ugenini. Kijana wa Handeni aliyempenda Jumong alikuwa anampenda mtu ambaye nyayo zake zilipita jirani na shamba la babu yake, isipokuwa hakuna aliyemwonesha. Hilo ni deni letu sisi tulio watu wazima.

Mambo ya kuchunga

Kwa kuwa naupenda urafiki huu, lazima niseme yanayouharibu.

La kwanza ni utapeli. Wapo wanaofungua akaunti kwa jina na picha ya mchezaji, wanamwandikia shabiki kwa maneno matamu, kisha wanaomba fedha za nauli, za hospitali au za kutoa mzigo uliokwama forodhani. Mchezaji wa Istanbul au Seoul hahitaji shilingi elfu hamsini kutoka Kang'ata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kujifanya mwingine, na namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kutumia namba 15040. Anayetapeliwa asifiche kwa aibu. Awaambie wenzake wa kundi kwanza, kwa sababu aibu yake ndiyo chakula cha tapeli.

La pili ni kumchanganya mtu na nafasi anayocheza. Mchezaji aliyecheza ubaya si mbaya, na aliyecheza ushujaa ana maisha yake, mke wake na watoto wake. Song Il-gook ana watoto watatu mapacha waliozaliwa mwaka 2012, na babu wa mama yake ni Kim Jwa-jin, jemadari aliyepigania uhuru wa Korea. Shabiki anayejifunza hayo anaongeza heshima. Anayeingia kwenye ukurasa wa mke wa mchezaji kumtukana amevuka mpaka wa utani, kwa kuwa yule si mtani wake na hajakubali kutaniwa.

La tatu ni nyumbani. Mume au mke asiyeshiriki mchezo huu ana haki ya kuelezwa. "Mume wetu" wa tamthilia akitajwa kwa uwazi mezani ni kicheko cha familia nzima. Simu ikifichwa chini ya mto, mchezo umekwisha na kitu kingine kimeanza.

La nne ni watoto. Makundi ya watu wazima yabaki ya watu wazima, na picha za wenzetu zisisambazwe bila idhini yao. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria adabu ilikuwepo.

Tuwapende na wa kwetu

Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliomsindikiza Dar es Salaam uliwashtua hata viongozi. Wengi walikuwa hawajawahi kuzungumza naye. King Majuto, Amri Athuman, mtu wa Tanga hii, alipofariki tarehe 8 Agosti 2018, nchi nzima iliomboleza mtu aliyeichekesha kwa miongo mingi. Siku hizo mbili zilionesha kwamba mioyo yetu inaweza kumpenda mchezaji wa nyumbani kwa kiwango kilekile, na pengine zaidi. Kinachokosekana ni kazi za kale za kwetu zenye mavazi, mapigano, hila na heshima, zenye urefu wa kutosha watu wazizoee na kuzigombea.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayasema kwa moyo wote.

Kwa vijana wenye simu nzuri: mwende kwa wazee wa Kang'ata, wa Kwamatuku, wa Sindeni na wa milima ya Nguu, muwarekodi wakisimulia habari za Mbega, za njaa zilizopita, za ukoo na ngoma, kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Muombe ruhusa kwanza, muandike jina la mzee na siku, mhifadhi nakala zaidi ya moja.

Kwa walimu: Habari za Wakilindi iingie kwenye maktaba za shule za Handeni, Kilindi na Korogwe, na wanafunzi waiigize jukwaani. Wasichana wajue kwamba katika hadithi ile kuna wanawake waliojenga ufalme, mmojawapo mama yake Buge, mwana aliyerithi kiti cha Mbega.

Kwa vituo vya televisheni na watayarishaji: tamthilia ya Mbega ingojwe hadi lini? Mandhari ipo, lugha ipo, kitabu kipo, na watazamaji mmewalea wenyewe kwa Sultan na Ertugrul. Vugiri ilitoa filamu 35 kwa vifaa vya mwaka 1935.

Na kwenu mashabiki, kina bi mkubwa na kina bi mdogo wa sultani, mashemeji na mawifi wa kwenye simu: endeleeni kucheka. Msiombe radhi kwa furaha isiyomdhuru mtu. Lakini shikeni wajibu wa mtani. Mjue mwenzenu anaishi wapi, mjue anapougua, mchangiane kwa uaminifu, na akifiwa mmoja aliye karibu aende kwa miguu yake kwa niaba ya wote. Kundi linalofanya hivyo ni la watani wa kweli, na linastahili heshima ya jamii hii sawa na chama kingine chochote cha kusaidiana.